Hospitali Rafiki kwa Mtoto: alama za juu chumba cha kujifungulia, alama za chini siku ya tatu

Cheti cha Hospitali Rafiki kwa Mtoto hutundikwa mapokezi au kwenye korido ya wodi ya wazazi, wakati mwingine kimefifia hadi mwaka wake hausomeki. Mpango huu ulianzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF mwaka 1991. Msingi wake ni Hatua Kumi za kufanikisha unyonyeshaji, ambazo zilirekebishwa mwaka 2018. Hapa tunaupima kama huduma nyingine yoyote, kwa macho ya mama anayejifungua Kenya au Tanzania: anahudumiwa vizuri wapi, na anaachwa wapi.

Sehemu bora kabisa ni saa ya kwanza. Mtoto akitoka anafutwa, analazwa uchi kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kisha wote wawili wanafunikwa khanga kavu na kuachwa hivyo kwa saa moja angalau. Mizani, dawa ya macho na sindano ya vitamini K vinaweza kungoja. Mtoto mwenye afya hutulia kwanza, halafu huanza kulamba vidole, kusukuma kwa miguu na kutafuta chuchu mwenyewe. Mama naye hupata faida yake: oksitosini inayotoka wakati wa kunyonyesha hukaza mji wa mimba na kupunguza damu. Kazi huharibika mkunga akiwa na haraka. Anamshika mtoto kisogo na kumsukumia kwenye titi dakika ya tano. Mtoto anapinda mgongo, analia, na mama anaambiwa "hataki kunyonya". Anataka sana, ila hajafika. Ukienda kliniki ya wajawazito, uliza mtoto huachwa kifuani kwa muda gani. Wakikujibu "mpaka anyonye", umefika mahali pazuri. Wakikujibu "tunakuonyesha kisha tunampeleka kupima", hao cheti chao ni pambo. Tunaipa sehemu hii 9 kwa 10 pale inapofuatwa.

Kwa upasuaji alama zinashuka hadi 5. Mama aliyechomwa ganzi ya mgongo yuko macho, na mtoto anaweza kulazwa juu ya kifua chake huku daktari akishona. Tatizo ni mikono: anahitajika mtu wa kusimama pale kumwangalia mtoto asiteleze na pua yake isizibe, na zamu nyingi hazina mtu huyo. Kwa hiyo mtoto hukabidhiwa bibi anayengoja nje, amefungwa mablanketi matatu. Kama hali ni hiyo, baba afungue shati ampakate yeye mpaka mama atoke. Wodini, mtoto ashikwe kwapani, miguu ikielekea mgongoni kwa mama, ili asikandamize kidonda.

Kufundishwa kumshikisha mtoto titi ni bahati nasibu ya zamu. Mafunzo ya kawaida ya mpango huu yalikuwa ya saa 20, angalau tatu kati yake zikiwa za vitendo na akina mama wenyewe, na tofauti inaonekana. Nesi aliyefundishwa huangalia kwanza kabla ya kugusa. Anatazama kama mdomo umefunguka sana, mdomo wa chini umegeukia nje, kidevu kimegusa titi, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Asiyefundishwa huuliza tu, "Ananyonya?" Mama akisema ndiyo, anapita. Maumivu yanayozidi sekunde chache za mwanzo, au chuchu inayotoka imebanwa bapa, maana yake mtoto ameshika ncha tu. Ingiza kidole kidogo kisafi pembeni mwa mdomo wake, mwachishe, anza upya. Kumvuta bila kuachisha ndiko kunakopasua chuchu.

Kisha kuna vita vya maji ya glukosi. Siku ya kwanza titi hutoa dang'a, yaani maziwa mazito ya mwanzo, mililita chache kwa kila mnyonyo, pengine kijiko kimoja cha chai, na kiasi hicho kinatosha tumbo la siku ya kwanza. Shangazi akiminya titi na kuona tone la njano, hutangaza kwamba maziwa hayapo, na maji ya glukosi huingia wodini ndani ya mkoba. Wodi nzuri huwaeleza ndugu mapema, kabla ya saa ya kutazama wagonjwa. Zipo sababu halali za kumwongezea mtoto kitu: sukari yake kushuka, au mama kuwa mahututi. Kilio cha usiku si mojawapo.

Mtoto akishindwa kunyonya, wodi ifundishe kukamua kwa mkono. Nawa mikono. Weka kidole gumba juu na cha shahada chini, sentimita tatu hivi kutoka kwenye chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, bila kutelezesha vidole juu ya ngozi. Kamua upande mmoja dakika tatu hadi tano, hamia wa pili, rudia, kwa jumla dakika 20 hadi 30. Pampu siku hiyo ya kwanza ni hasara, kwa kuwa dang'a ni nzito na hubaki imeganda kwenye vifaa. Mpe mtoto kwa kikombe kidogo akiwa ameketishwa wima, ukingo ukigusa mdomo wa chini, naye alambe mwenyewe. Ukimmiminia, anapaliwa.

Kuhusu makampuni ya maziwa ya kopo hatuna malalamiko makubwa. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 ilizuia kutangaza bidhaa hizo na kugawa sampuli za bure, na Kenya ikatunga sheria yake mwaka 2012. Kalenda yenye nembo ya kampuni ikiwa ukutani kwa daktari, hatua ya kwanza kati ya zile kumi, inayotaka kanuni hiyo ifuatwe, imeshavunjwa.

Sasa siku ya tatu, ambapo huduma hii inapata 3 kwa 10. Mama aliyejifungua salama huruhusiwa baada ya saa 24 hivi, na maziwa hujaa kati ya siku ya pili na ya nne, yaani akiwa nyumbani. Titi linakuwa gumu kama jiwe, sehemu nyeusi inakazana, mtoto anateleza, mama anapata homa kidogo, na jirani analeta kopo. Dawa yake ni rahisi kama kuna wa kuielekeza. Bonyeza taratibu kuizunguka chuchu kwa ncha za vidole, dakika moja hivi, hadi ilainike. Kamua matone kadhaa. Ndipo umweke mtoto. Nyonyesha mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na weka kitambaa cha baridi baada ya kunyonyesha. Wekundu ukisambaa na homa ikipanda, nenda kituo cha afya, na usiache kunyonyesha.

Shirika la Afya Duniani linataka mama aonwe kati ya saa 48 na 72 baada ya kujifungua, na hatua ya kumi inaitaka hospitali imkabidhi kwa mtu wa kumfuatilia. Lakini karatasi ya kuruhusiwa mara nyingi huandikwa tarehe ya chanjo, basi. Huenda hapa ndipo takwimu za Kenya zilipokwama: watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonyeshwa maziwa ya mama pekee walipanda kutoka asilimia 32 katika utafiti wa 2008-09 hadi 61 mwaka 2014, kisha wakabaki 60 mwaka 2022. Tangu 2023 Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wanaopita nyumba kwa nyumba. Wodi inayompigia mmoja wao simu kabla mama hajatoka getini inastahili alama ambazo cheti hakiwezi kuiletea.

Mpaka wodi zote zifanye hivyo, hesabu nepi mwenyewe. Mkojo mara moja siku ya kwanza, mara mbili ya pili, mara tatu ya tatu, na kuanzia siku ya tano mara sita au zaidi. Kinyesi kitoke cheusi, kiwe kijani, kisha njano. Uzito kushuka kidogo ni kawaida, lakini ukipungua zaidi ya asilimia 10, au mtoto akilala bila kuamka kunyonya, rudi hospitali siku hiyohiyo. Na kabla hujaondoka wodini, omba namba ya simu inayopokelewa usiku. Ipige ukiwa bado kitandani, usikie kama kuna anayepokea.