Saa ya taa ya Kirusi IV-18: nimeiunda mwenyewe hapa Nakuru, nimekaa nayo miezi mitano

Hii rangi wengi wenu mnaijua hata kama jina hamlijui. Ile kijani yenye ubuluu ndani yake, ilikuwa kwa deki za zamani, kaseti ikizunguka unaona namba zinapanda polepole, ama kwa mashine ya risiti pale supamaketi. Sisi tulikuwa na deki kwa sebule na nikiwa mdogo nilikuwa naangalia zile namba kuliko filamu yenyewe. Sasa nikaskia kuna watu wanauza seti ya kujiundia saa kwa hizo taa, zile zilitengenezwa wakati wa Muungano wa Kisovieti na hazijawahi kutumika, zimekaa tu stoo miaka yote hiyo, nikasema hii lazima niwe nayo.

Niliagiza mtandaoni, duka la nje, silitaji jina. Ilinikula elfu saba na kitu pamoja na kusafirisha, ikafika baada ya wiki tano. Ndani kulikuwa na bodi, pakiti ya vifaa vidogo vidogo, adapta yenye meno bapa ya Kimarekani ambayo haiingii kwa soketi zetu, karatasi mbili za maelezo, na taa mbili za IV-18, moja ya kutumia na moja ya akiba, zimefungwa kwa sponji kama mayai.

Nianze na kioo sababu ndicho unalipia. IV-18 ni bomba la kioo lenye urefu wa kiganja, ndani lina nafasi nane za tarakimu na ya tisa pembeni ya nukta na kistari, na nyuma limepigwa mhuri kwa herufi za Kirusi, ИВ-18. Zilitengenezewa kikokotoo. Ukiishika kwa mwanga wa dirisha unaona kila kitu: waya nyembamba kuliko unywele imevutwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, chini yake vijiwavu vidogo vimepangwa mstari, na chini kabisa vile vipande vya namba, vyeupe kama vimepakwa chokaa. Hiyo waya ndiyo filamenti. Ikipata moto inatoa elektroni, wavu ukipewa volti chanya unazivuta, zinapita kwa matundu zinagonga ule unga, ambao ni oksidi ya zinki, na unga unawaka. Kwa hivyo ukisoma saa unasoma kupitia waya na wavu, ukikaribia kabisa unaviona vyote viwili mbele ya namba. Mimi nimekaa dakika nyingi pua ikiwa karibu kugusa kioo na bado sijachoka.

Lakini skiza, kabla hujafurahi angalia ncha ya kioo. Kuna doa la fedha linang'aa kama kioo cha kujitazamia, kazi yake ni kumeza hewa yoyote iliyobaki ndani. Likiwa la fedha, taa iko sawa. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, hiyo taa imekufa na hakuna fundi wa kuifufua. Yangu moja ilikuwa ya fedha safi, ile ya pili nyeupe. Nikapiga picha nikawatumia, wakanirudishia pesa ya hiyo taa bila maneno mengi, hapo nawapa heko. Ila wewe ukipokea fungua siku hiyo hiyo, usiweke kwa kabati ati utaunda wikendi ukipata nafasi.

Kuunda kulinichukua jioni tatu. Mimi si fundi wa kusomea, kusolda nilijifunza kwa fundi mmoja mzee wa redio na TV kule Bondeni, nilikuwa nampelekea vitu vyangu hadi akachoka akaniambia kijana wangu kaa hapa nikuonyeshe. Nilipompelekea hii bodi akaigeuza mara mbili akasema shida ya hii kitu haitakuwa bodi, itakuwa zile waya za taa. Na alisema ukweli. Zinatoka waya kama ishirini chini ya kioo, laini, zote zinatakiwa kuingia kwa matundu yake bila kuvukana, na ukikunja moja mara nyingi pale inapotoka kwa kioo inakatika, ama kioo kinapasuka hapo na hewa inaingia, kwisha. Alichonifunza ni kuzikata kwa mteremko, ya kwanza ndefu, inayofuata fupi kidogo, hivyo hadi ya mwisho, ndio uingize moja moja badala ya kupigana na zote ishirini mara moja. Karatasi ya maelezo haisemi hiyo hata kidogo. Hiyo kazi peke yake ilikula saa nzima na jasho, na ukiniuliza ndiyo inayofanya hii seti isiwe ya mtu anayeshika chuma cha kusolda mara ya kwanza. Anza na redio ndogo.

Kitu kingine karatasi haikusema, na hiki ni kikubwa: pima volti KABLA ya kuweka taa. Hii taa inataka stima mbili tofauti, volti 5 kwa filamenti na kama volti 50 kwa wavu na namba. Hizo 50 zinatoka kwa koili na transista palepale kwa bodi, zinapandishwa kutoka 9 za adapta. Mimi nilipima nikapata 5.02 pale pa filamenti na 48 upande ule mwingine, ndio nikaweka taa. Kama hapo pa filamenti ungepata 9 kwa sababu umegeuza kifaa, ungeichoma sekunde hiyo hiyo. Na ukishaiwasha zima taa za nyumba uiangalie: filamenti haitakiwi kuonekana ikiwaka. Ukiona wekundu ujue umeizidishia moto na unakula maisha yake. Volti 50 pia si ya kuchezea na vidole, chomoa kwanza, subiri kapasita, vile vifaa vinavyohifadhi stima, zimalize ndio ushike.

Adapta yao sikuitumia, nilichukua ya rauta iliyokufa, ya volti 9, meno matatu, inafanya vizuri kabisa.

Siku ya kuiwasha ilikuwa usiku wa saa nne hivi, mtaani Free Area kumetulia. Haiwaki papo hapo kama balbu za kisasa, inakaa kidogo filamenti ipate moto, halafu namba zinatokea kama zinapanda kutoka chini ya maji. Niliita watu wote wa nyumba waje waone.

Sasa lawama. Ya kwanza ni kupoteza wakati. Bodi ilikuja na kristali yake ya kuhesabu na baada ya wiki mbili saa ilikuwa imechelewa karibu dakika moja. Saa ya elfu saba haiwezi kushindwa na simu ya kabambe. Nikatoa oda Nairobi, Luthuli, wakanitumia na matatu moduli ya kushika saa, DS3231, ile ina kristali na kipima joto ndani ya chipu moja, inajirekebisha joto likipanda ama likishuka, na hapa kwetu mchana ni jua na usiku ni baridi ya Menengai kwa hivyo hiyo ni muhimu. Kosa lake ni sehemu 2 kwa milioni, ambayo kwa mwaka mzima ni kama dakika moja tu. Tangu niiweke sijaigusa. Ila na hizo moduli za buluu kuna mtego: zimewekewa njia ya kuchaji betri, na betri yenyewe mtu anaweka CR2032 ya kawaida ambayo haichajiwi. Yangu ilianza kufura, nilipoigusa niliona imeinuka katikati. Nikang'oa resista moja ndogo iliyoandikwa 201 karibu na daiodi, basi, haichaji tena, betri inashikilia tu saa stima ikipotea. Na stima hupotea. Ikirudi saa inaendelea palepale kwa wakati sahihi, huhitaji kuseti kitu.

Lawama ya pili, koili inalia. Mlio mwembamba kama mbu aliye mbali, mchana husikii, usiku ukilala chumba kimoja nayo unausikia. Niliizungushia gundi ya moto ikanyamaza karibu yote. Ya tatu, namba za upande mmoja zimefifia kidogo kuliko za upande mwingine, hasa nikipunguza mwanga. Hiyo si taa mbaya, ni vile bodi inapeleka stima ya upande mmoja tu kwa filamenti, kwa hivyo mwisho mmoja wa waya uko volti tano juu ya mwingine na mvuto hapo unapungua. Seti za bei ya juu zinaipa stima ya kupinduka pinduka na tofauti inaisha. Mimi nimeizoea lakini nimeitaja sababu ukishaiona mara moja utaiona kila siku.

Ukiipiga video na simu utaona inapepesa, usishtuke. Tarakimu haziwaki zote pamoja, chipu inawasha moja inazima inaenda nyingine, haraka kuliko macho yetu. Ndio maana nyavu 9 na vipande 8 (saba vya namba, cha nane ni nukta) vinatosha kuonyesha kila kitu, waya 17 tu, na chipu inayowasha hizo namba, MAX6921, ina njia 20 za kutoa.

Vumbi pia, na Nakuru mnaijua. Kioo kinashika vumbi vibaya sana, nilitengenezesha kijisanduku cha mbao na pleksi mbele kwa fundi wa fanicha, mia sita, na sasa inakaa juu ya kabati la sebule kama kitu cha dukani.

Kwa mtu ambaye hana elfu saba: taa za aina hii ziko kwa mafundi wetu, bure ama kwa bei ya soda. Yule mzee wa Bondeni ana deki zilizokufa hadi kwa dari. Ng'oa ile ya mbele na waya zake zote. Pini za mwisho kabisa kushoto na kulia mara nyingi ndizo filamenti, zipe volti moja na nusu ya betri moja, halafu unganisha betri tatu za volti 9 upate 27, hasi uipeleke kwa filamenti, chanya uguse nayo pini za katikati mbili mbili, wavu na kipande. Ukipata jozi inayofaa utaona kipande kinawaka gizani. Ni kazi ya kuandika pini moja moja kwa daftari, jioni mzima, lakini utajifunza zaidi ya vile nilijifunza na seti yangu.

Nikirudi kwa seti, kitu kimoja walifanya vizuri kuliko vyote ni kuacha programu wazi, unaweza kuifungua na kuibadilisha. Na mimi nilikuwa na sababu. Shosho anakaa na sisi, na saa zote za hii nyumba zinamwambia vitu ambavyo hakuna mtu anasema kwa mdomo. Inaandika 7 na sisi tunasema saa moja. Taarifa ya habari ya Kiswahili ni saa moja usiku, hakuna mtu Kenya anasema ni saa saba, lakini saa ya ukutani inasema 7. Amefanya hiyo hesabu maisha yake yote na siku hizi inamchosha. Basi nikaongeza mstari mmoja: chukua saa, jumlisha 6, gawa kwa 12 uchukue baki, ikiwa sufuri andika 12. Saba inakuwa moja, sita inakuwa kumi na mbili. Imeisha. Watoto wa shule nyumbani wanalalamika kidogo, wao nimewawekea kitufe cha nyuma kinageuza kwa sekunde tano halafu inarudi.

Halafu nikatoa sekunde, nafasi zikabaki, nikaweka herufi pembeni. Vipande saba haviwezi herufi zote lakini A inatoka vizuri, C, J, U. A ya asubuhi, C ya mchana, J ya jioni, U ya usiku. Shosho akazikubali zote isipokuwa moja. Saa kumi na moja nilikuwa nimeiweka usiku, akaniambia hapana mjukuu wangu, hiyo ni alfajiri, watu wameshaamka, ng'ombe wameshakamuliwa. Nikakaa nikafikiria, F pia inatoka vizuri kwa vipande saba. Sasa akiamka kwenda kuweka chai inamwandikia 11-05 F, na anaisoma kutoka mlangoni bila miwani.