Bampa imeng'aa, shoo imeliwa

Kwa bampa, fundi wangu nampa nyota tano. Kwa shoo, zile fito za urembo usoni mwa gari, hata sufuri naona nimemhurumia.

Gari ni Peugeot 404 pikapu, urithi wa marehemu baba. Wazee wanazikumbuka 404 zilipotwaa Safari Rally 1963, kisha 1966 hadi 1968 mfululizo, enzi hizo mashindano yakipita na huku kwetu Uganda. Niliona aibu kuiacha itembee na kutu usoni, nikaelekezwa kwa fundi wa kromu, wa kuvisha vyuma madini yanayong'aa, upande wa Katwe hapa Kampala. Jina lake namsitiria, ingawa hastahili.

Haki yake nimpe kwanza. Bampa aliitendea haki: alinyoosha mibonyeo, akasugua kutu yote, akapiga shaba, nikeli, ndipo kromu. Wavivu huparamia kromu moja kwa moja, na kumbe kromu ni utando tu. Nikeli iliyo chini yake ndiyo inayozuia kutu. Bampa ile unaweza kujitazamia ukinyoa ndevu.

Sasa shoo. Shoo yangu ni alumini. Nilimwambia nilipoipeleka, nikarudia mlangoni nikiondoka: "Kijana, hii ni alumini." Akajibu, "Ndiyo mzee, najua." Anajua! Alumini ya namna ile huvishwa ngozi ngumu kiwandani, na ngozi ikizeeka hufifia. Huvuliwa kwa kostiki soda, ileile ya kutengenezea sabuni. Unachovya kidogo huku umeikodolea macho, unatoa, unasuuza kwa maji tele, kisha unaingia kwenye msasa na kung'arisha. Kostiki ikishamaliza ngozi haijui kusimama, inageukia alumini yenyewe na kuitafuna huku ikitoa mapovu. Yeye aliitumbukiza kwenye pipa, akaenda kula. Matooke ya harusi hayaliwi muda wote huo.

Nilikabidhiwa miiba ya samaki ngege aliyekwisha kuliwa. Fito nyingine zimetoboka, nyingine hazipo kabisa. "Mzee, ilikuwa imechoka. Imejiishia." Nikamuuliza nani atanilipa. Akanitazama kama mimi ndiye mwizi, akadai pesa ya kazi zote mbili, kwa sababu "dawa imetumika." Dawa! Vijana wake wakacheka. Hapo ndipo nilipochafukwa, maana shoo ningeweza kuisamehe.

Kisekka, kwenye vipuri vya magari, nimezunguka kutafuta nyingine, nikaonyeshwa za Corolla na Hiace. Tegemeo langu ni Kenya, ambako 404 ziliendelea kuunganishwa hadi 1991. Kuna dereva wa lori ninayemsumbua kila akivuka mpaka pale Malaba.

Nilitaka kuandika kwamba mwenye bampa tu ampelekee, kwa chuma mkono wake ni mzuri. Lakini jana kanipigia tena kwa namba ngeni, anadai pesa ya dawa. Basi hata bampa msimpelekee. Au mpelekeeni, lakini nendeni na chakula chake, ale palepale mkimwona.