TAHADHARI: makasha "ya kale" ya Zanzibar yanayouzwa mtandaoni

Wadau wa vitu vya kale someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna jamaa anauza makasha ya Unguja, yale ya misumari ya shaba, peji yake inabadilishwa jina kila mara so nikitaja la leo kesho halina kazi, mjue kwa staili yake. Picha kali hatari, kasha limewekwa barazani nyumba ya Shangani, chini kaandika familia inahama inauza haraka. Bei laki tisa na nusu, advansi laki tano ili mzigo upande boti, ukiomba video kolu eti kasha liko stoo na mwenye ufunguo kaenda Pemba. Kila siku Pemba!

Langu lililetwa usiku umeme umekatika, dereva wa kirikuu ananiharakisha nimalizie hela aondoke. Asubuhi nafunua mfuniko nakutana na harufu ya kiwi ya viatu, napitisha kitambaa cheupe kinatoka kahawia. Naangalia bawaba, skrubu za nyota. Jamani skrubu za nyota zimeanza kutumika miaka ya 1930, na huyu bwana aliniandikia kasha ni la 1820 enzi za Sultan Barghash, wakati Barghash mwenyewe kashika kiti 1870. Sawa, bawaba huwa zinabadilishwa, kasha la kale kukarabatiwa ni kawaida, ila droo za chini nazo vitako vyake plaiwudi, halafu nikachukua sumaku ya spika mbovu nikaigusisha kwenye hiyo "shaba" ikang'ang'ania kama kupe. Shaba hainati sumaku, ni bati limepigwa rangi ya dhahabu. Fundi wa mtaani akakwangua chini kidogo akacheka, mwembe huu, mtiki uko wapi hapa.

Na sisemi kasha jipya ni baya. Kuna mafundi Unguja wanachonga vizuri sana na wanakwambia wazi nimelichonga mimi, unalipa bei ya jipya mnaachana kwa amani. Tena makasha mengi ya kale yaliletwa na majahazi toka India, Surat na Bombay huko, kwa hiyo anayekuapia lilichongwa na fundi wa Sultani mwenyewe muogope.

Muuzaji yeyote mwombe picha ya mgongoni, ya chini, na ya kile kishubaka cha ndani pembeni. Huyu alinitumia za mbele tu, zote za mbele.

Nilipomlalamikia akajibu "dada antiki hazina waranti" akanibloku. Namba yake nimeshairipoti kwa 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu. Sasa hivi picha za baraza lilelile ziko peji nyingine, anauza vioo na viti vya enzi, advansi laki tatu. Kama umeshamtumia hela usifute meseji ya muamala, njoo inbox twende polisi pamoja, maana kila mtu akienda kivyake wanatuambia tukasuluhishane.