Starlet yangu ya kujifunzia: miezi 14 ya spana, kutu na themostati

Boneti ya gari la kwanza nililokwenda kulitazama ilikuwa ya moto. Nilikuwa nimemwomba muuzaji kwa simu asiwashe gari mpaka nifike, maana ubovu wa injini huonekana ikiwaka ya baridi, naye akaniapia halijaguswa tangu jana yake. Kiganja hakidanganywi. Nikaaga na kupanda daladala ya kurudi Tabata, Dar es Salaam. Ya pili ilikuwa imepigwa puti, ile lipu ya kufichia mikunjo, mpaka sumaku haishiki mlangoni. Ya tatu ndiyo niliyonunua: Toyota Starlet EP82 ya mwaka 1994, namba A (usajili wa zamani), gia za mkono, milioni 3.8 baada ya kuvutana na dalali tangu asubuhi hadi alasiri.

Sikuwa natafuta gari la kwendea kazini. Kazini nakwenda kwa basi la mwendokasi. Nilitaka gari la kufungua mwenyewe, nikiharibu nitengeneze, halafu nilibadilishe kidogo kidogo kadiri mfuko unavyoruhusu. Washikaji wote walisema chukua Vitz au IST. Hawakukosea, kwa mtu anayetaka kuendesha tu. Injini zake zina cheni badala ya mkanda wa taimingi unaotaka kubadilishwa kila baada ya muda, na spea zimejaa kila kona. Ila zile za mtumba ninazozimudu karibu zote ni otomatiki, na ukifungua boneti ya Vitz mkono haupiti. Starlet ina nafasi. Injini yake ya 4E-FE, cc 1331, ina distribyuta (kifaa kinachogawa moto wa cheche) na waya zake nne za plagi, kwa hiyo unaona kwa macho moto unatoka wapi unakwenda wapi. Kwenye IST kila plagi imefunikwa na koili yake. Na gari lenyewe halifiki kilo 900, kwa hiyo ukiongeza nguvu kidogo tu unaisikia.

Katika kuchagua, jambo moja ningelisisitiza hata kwa kugombana: tazama bodi kabla ya injini. Injini ya mtumba unaipata, unafunga, unaondoka. Sakafu iliyoliwa na kutu utachomelea mwaka mzima. Mimi nilinyanyua kapeti upande wa dereva, nikatoa tairi la akiba na kuchokonoa kwa bisibisi chini yake, kisha nikaangalia zile kofia mbili ndani ya boneti ambapo shokapu za mbele hujishikilia. Za kwangu zilikuwa nzima. Chini ya tairi la akiba palikuwa na tundu la kupitisha kidole, nikakubali. Moshi wa bluu wakati wa kuwasha haukunitisha. Zilikuwa vali sili (vimpira vya kuzuia oili kwenye vali), na nilizitaka zinifundishe kazi. Nikahakiki namba ya chasisi na ya injini dhidi ya kadi ya gari, nikaingiza namba ya gari mtandaoni kuona faini za trafiki na deni la maegesho. Kulikuwa na deni. Likatolewa kwenye bei.

Nilidhani nitaanza na mapambo. Miezi minne ya kwanza nilikuwa natengua kazi za mafundi waliotangulia. Feni ya redieta ilikuwa imefungwa dairekti, inazunguka tangu unapogeuza ufunguo. Themostati, vali inayozuia maji yasiende redietani mpaka injini ipate joto, haikuwepo. Mtu aliitoa zamani kwa ile imani yetu kwamba gari la nchi ya joto haliihitaji, injini ikawa haifikii joto lake la kazi, inakula mafuta na kuchelewa kushika kasi. Redietani mlikuwa na maji ya bomba, rangi ya chai ya maziwa.

Halafu taa ya injini. Gereji moja walitaka elfu 30 ya kupima kwa mashine. Gari hili halihitaji mashine: ndani ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS, unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga stata, unahesabu taa inavyokonyeza. Yangu ilikonyeza mara mbili, ikapumzika, mara mbili tena. Namba 22, sensa ya joto la maji. Waya ulikuwa umekatikia ndani ya plastiki yake. Nilipouunga, nikarudisha themostati na kuweka kulenti (maji maalumu ya kupozea injini), ikatoka kilomita 10 kwa lita hadi 14. Sijawahi kufurahia kipande cha waya namna ile.

Baadaye nikafanya ujinga. Niliona picha za Starlet zilizolala chini, nikamkubalia kijana mmoja akate springi kwa grainda. Ilipendeza kwa siku mbili. Siku ya tatu, kwenye tuta, eksozi iliachwa barabarani. Mzee anayenifundisha kazi alichungulia chini ya gari, akacheka kwanza. "Mdogo wangu, umelipa hela ili gari liwe kama limebeba magunia?" Nikanunua springi za mtumba na shokapu mpya, na kweli, shokapu nzima zimebadilisha gari hili kuliko kitu kingine chochote nilichofunga.

Rimu ndizo zilizoniendea vizuri. Starlet, Vitz na IST za kwanza zote zina nati nne za kipimo kile kile, 4 kwa 100 (nati nne kwenye duara la milimita 100), kwa hiyo nilichukua rimu za IST za inchi 15 bila kuchonga kitu. Matairi yake ya 185/65 usiyachukue, ni marefu mno. Mimi nimeweka 195/50, yanakaribiana kwa kimo na yale ya asili ya inchi 13, hivyo spidomita haidanganyi sana.

Malalamiko yapo. AC ilikufa kabla sijalinunua. Plastiki za ndani zinavunjika ukizitazama vibaya. Kelele kwenye lami ya kokoto ni za kukata mazungumzo. Jumla nimetumia milioni 2.1 juu ya bei ya kununulia, na robo yake ni makosa yangu.

Sasa ninainyemelea injini ya Raum ya zamani, 5E-FE. Ni ndugu yake wa damu: pistoni za kipenyo kile kile, milimita 74, ila zinasafiri milimita 87 badala ya 77.4, ndipo inapopatikana cc 1500. Nimeshaiona moja Ilala, ina hata oili ndani. Mzee amenikatalia kuifunga gereji kwake mpaka nizibe lile tundu la chini ya tairi la akiba, na nikubali kwenda kubadilisha namba ya injini kwenye kadi. Bati nimeshakata. Jumamosi nachomelea.