Mashine ndogo ya kuchonga ya bei nafuu: kagua koleti, usihesabu vipande vya boksini

Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ndani mna vipande zaidi ya mia. Visikushawishi. Vingi ni viduara vya msasa na vidiski vyembamba vya kukatia, ambavyo hupasuka ukivipindisha kidogo tu pembeni. Cha kununua hapa ni mashine yenyewe: ya waya, wati 130, yenye gurudumu la kupangia kasi kutoka mizunguko 8,000 hadi 33,000 kwa dakika. Kwa kuchonga mbao, kutoboa bodi za saketi, kufupisha skrubu na kung'arisha shaba, nguvu hiyo inatosha kabisa.

Mashine za bei hii hutofautiana zaidi kwenye koleti, yaani kile kidude chenye mipasuko kinachobana shina la biti (kipande kinachokata, kutoboa au kusugua). Shina la kawaida ni milimita 3.2, lile lile la biti nyingi za Dremel (chapa maarufu ya mashine hizi), lakini zipo biti za milimita 2.4 na nyingine za 3 kamili. Ukitia shina la 3 kwenye koleti ya 3.2, hata ukikaza nati kwa nguvu zote, biti inaweza kukaa upande au kuteleza kazini.

Jaribio langu ni hili. Chomoa waya kwenye umeme. Funga drili, yaani biti ya kutobolea, nyembamba na iliyonyooka, itokeze kama milimita 20, kisha sogeza ukingo wa rula karibu na ncha bila kuigusa. Zungusha kwa mkono. Ule mwanya kati ya ncha na rula usipanuke wala kufinyika. Halafu washa kwa kasi ndogo kabisa: ncha ionekane nukta moja. Ukiona mbili, au kiduara, inayumba, na mashine inayoyumba huvunja drili za kabaidi za milimita 0.8 papo hapo, kwa sababu kabaidi ni ngumu lakini haipindi. Yangu ilikuja na koleti laini ya alumini iliyoyumba. Niliyoiweka badala yake ni ya chuma, na drili ikatulia. Kabla ya kununua nyingine, pima urefu na unene wa ile ya zamani, kwani hazilingani zote, na mifereji ya kukazia ndani ya nati nayo hutofautiana.

Kasi usiiguse kwa kubahatisha. Plastiki inataka kasi ndogo, la sivyo inayeyuka na kuganda kwenye meno ya biti. Mbao zinapenda kasi kubwa na mkono mwepesi. Zikianza kuwa nyeusi, ama biti ni butu ama umekaa mahali pamoja muda mrefu. Brashi ya waya isizidi 15,000, maana nyuzi zake huchomoka na kuruka kama sindano. Kwa kioo na vigae tumia biti ya almasi, ukidondosha maji machache kwenye kazi, kamwe si kwenye mashine. Miwani ya kinga inavaliwa kwa kila kazi kati ya hizi, na barakoa kila panapokuwa na vumbi.

Udhaifu wake mkubwa ni joto. Feni iko kwenye shafti ile ile ya mota, kwa hiyo ukikandamiza, mota inapunguza mwendo, feni nayo inapungua, na joto linapanda wakati ule ule upepo unapokosekana. Sikiliza sauti: ikishuka, legeza mkono. Kila baada ya dakika kumi hivi ninaiacha izunguke bure kwa dakika moja. Hupoa haraka kuliko ukiizima ghafla. Angalia pia vidole visizibe matundu ya hewa.

Kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zikague kila saa 40 hadi 50 za kazi. Zikibaki milimita 3 au pungufu, badilisha zote mbili. Ukizitoa kwa ukaguzi tu, rudisha kila moja upande wake na kwa mkao ule ule, kwa kuwa ncha yake imeshalika kufuata mviringo wa mota. Vicheche vidogo ni vya kawaida, ila vikizunguka kama pete ya moto, zima.

Kitufe cha kufungia shafti usikibonyeze mashine ikiwa bado inazunguka. Ndicho kinachovunjika mapema kwenye mashine hizi.

Zile za betri zenye umbo la kalamu nisingezipendekeza kwa kukata. Zinafaa kuandika kwenye kioo na kusugua kidogo, basi. Kwa hii ya waya, ongeza koleti ya chuma, diski chache za kukatia zenye nyuzi ndani, biti mbili za kabaidi, na shina moja imara la kufungia diski kwenye koleti. Vya boksini weka akiba, hasa misasa ya mviringo ya milimita 13, ambayo kwa kweli ni mizuri.