Mbolea iliyozaa kwenye kompyuta: ComboBox nilivyoitumia dukani

Mama mdogo ana duka la pembejeo hapa Moshi, si mbali na soko la Mbuyuni. Miaka yote mauzo ameyaandika kwenye kaunta buku. Mwaka huu akaniomba nimtengenezee programu ya kuuzia, nikatumia Visual Studio Community, programu ya kutengenezea programu, ambayo kwa mtu binafsi ni bure, nikaandika kwa lugha ya C# kwenye Windows Forms, zana ya kujengea madirisha ya programu za Windows. Kilichonilia muda kuliko vyote ni ComboBox, yaani orodha kunjuzi, ile ukibonyeza kimshale majina yanashuka.

Mwanzo ni mteremko. Unaiburuta kwenye fomu, yaani dirisha la programu, unafungua Items, orodha ya vilivyomo, unaandika jina la mbolea moja kila mstari: UREA, DAP, CAN. Au unaandika kwenye kodi:

cmbBidhaa.Items.Add("UREA");

Majina yakiwa mengi unayapanga kwenye safu, AddRange inayaingiza yote kwa mkupuo. Dakika tano kazi imekwisha, unajiona fundi.

Kesho yake simu inaita. "Mwanangu, hii mbolea imezaa? UREA naziona nne!"

Nikaenda, shikamoo, marahaba, nikakaa kwenye kiti chake nikaangalia. Kweli: kila akitoka kwenye programu kusoma WhatsApp kisha akarudi, orodha inanenepa. Kosa lilikuwa langu. Add nilikuwa nimeiweka kwenye tukio la Activated, ambalo huamka kila dirisha linaporudi mbele. Na Add haikuulizi kama jina lipo tayari. Ukisema ongeza, inaongeza. Nikaihamishia kwenye Load, tukio la fomu inapofunguka, na popote ninapojaza upya natanguliza Items.Clear() kufuta vilivyomo.

Nikataka kila bidhaa iende na bei yake, nikaingiza vitu vya klasi ya Bidhaa, yaani kiolezo nilichoandika chenye jina na bei, badala ya maneno matupu. Orodha nzima ikasomeka Duka.Bidhaa, Duka.Bidhaa, Duka.Bidhaa. Mama mdogo akacheka mpaka wateja wakageuka. Kumbe usipoweka DisplayMember, inayotaja ni sehemu ipi ya kitu ionyeshwe, kinachoonyeshwa ni kile ToString, njia ya kugeuza kitu kuwa maandishi, inachorudisha, na usipoiandika upya inarudisha jina la klasi. Mstari mmoja tu ukamaliza aibu: DisplayMember = "Jina".

Palipo na utamu, na maumivu pia, ni DataSource, yaani chanzo ambacho ComboBox inachukua majina yake. Bidhaa zilipofika mia na kitu nilizihamishia kwenye hifadhidata nikaifunga orodha nayo moja kwa moja. Safi sana, isipokuwa nilitaka juu kabisa pakae "Chagua bidhaa". Nikaita Items.Insert(0, ...) kama nilivyozoea, programu ikaanguka: Items haibadilishiki DataSource ikiwa imewekwa. Nilikesha na hilo. Dawa ni kuitia ile "Chagua bidhaa" kwenye chanzo chenyewe, kabla ya kukifunga na ComboBox. Ama unajaza kwa mkono, ama unatumia chanzo. Ukichanganya inakugomea, na ukiifikiria sana utaona ina haki.

Jingine la hapo hapo: chanzo kikiwa List ya kawaida, bidhaa unayoiongeza baadaye inaingia kwenye List lakini kwenye skrini huioni. Tumia BindingList, aina ya orodha ambayo yenyewe huipa ComboBox taarifa ikibadilika.

Nikiombwa maksi, naipa nne kati ya tano. Nyota moja naipunguza kwa sababu ikiwa kama ilivyokuja inaruhusu mtu kuandika chochote. Kijana wa dukani aliandika "yurea" na mauzo yakapotea kwenye hesabu ya jioni. Weka DropDownStyle iwe DropDownList mapema, mtu achague tu bila kuandika, usingoje yakukute.

Jambo la mwisho alilolidai mama mdogo ni dogo. MaxDropDownItems, idadi ya majina ya kuonyesha kwa wakati mmoja, huja ikiwa 8, naye hapendi kusogeza. Nimeiweka kuwa 15. Kaunta buku bado liko chini ya meza, na nimeona kalamu ndani yake.