Winga kijana: abaki ligi ya nyumbani au aende nje mapema?

Mabishano haya ya soka husikika Kisumu hadi Kakamega, Kenya, kila winga kijana, yaani mshambuliaji wa pembeni mwenye mbio, anapoanza kung'aa.

Kwa gharama, nyumbani kunashinda bila shaka. Analala kwao, anapanda matatu kwenda mazoezini. Safari ya majaribio nje ni tiketi, viza na malazi, na hakuna ahadi ya mkataba. Ikumbukwe pia kwamba kanuni za FIFA, isipokuwa kwa hali chache, haziruhusu aliye chini ya miaka 18 kusajiliwa nchi nyingine. Ajenti anayedai pesa za mzazi kwa kijana wa miaka 16 asikufanye uuze hata ng'ombe mmoja!

Mshahara? Nje kuna nafuu, maana kwetu malipo huchelewa mno, na inauma.

Lakini winga huishi kwa kumkabili beki wiki baada ya wiki. Akienda nje mapema akakalia benchi, kipaji hufa. Michael Olunga, ingawa ni mshambuliaji wa kati, aling'aa kwanza nyumbani katika klabu ya Gor Mahia mwaka 2015, ndipo akaenda Djurgården ya Sweden. Kinyume chake, Ayub Timbe, winga hasa, alikomaa kisoka nje, Ubelgiji.

Kuhusu mwili, misuli ya nyuma ya paja ndiyo mtaji wa winga, na klabu kubwa za nje huitunza vizuri zaidi.

Aliye bado Kidato cha Nne amalize shule, acheze hapa. Mwenye miaka 20, namba ya kudumu kikosini na mkataba ulioandikwa mkononi, aende.